Punje Zilizokwenda Ujerumani

“Sikuulizi habari za shule, Mama Mudy! Nimekuuliza kondo la mjukuu wangu liko wapi!”

“Na mimi nimekujibu, Mama Brayson. Kamuulize aliyezaa. Mimi nauza chapati, situnzi makondo ya watu.”

“Binti yako ndiye anayetunza! Kwenye friji, kama maini ya bucha!”

“Shusha sauti, mtoto amelala.”

“Mtoto wa nani? Wako au wangu?”

Walikuwa wameshikilia uzio mmoja wa mabanzi, kila mtu upande wake: Bibi Fidelia na kitenge chake cha kanisani, Ashura na unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Upepo wa Makambako ulikuwa ukipiga mabati kama mgeni asiyefunguliwa mlango, lakini sauti zao zilipita juu yake. Mtaa wote wa nyuma ya stendi ulikuwa nje. Kuna waliotoka kuanika nguo ambazo hata hazijafuliwa. Jamaa mmoja alitoka na mswaki mdomoni, akausahau humohumo mpaka mate ya dawa yakamchuruzika shingoni.

“Nimekuja na kitovu cha mtoto,” Bibi Fidelia akasema, akifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake ili wote waone. “Kimedondoka jana. Nyumbani kwetu kitovu hufuata kondo, shimo moja, Mdandu, nyuma ya nyumba. Na anayefukia ni mama wa mume. Ndiyo maana namuuliza huyu mkwe, kondo ulilifukia wapi huko Njombe ulikozalia, nikalichukue? Ananiambia alimpa Rukaiya. Amempa! Kwani lilikuwa lake?”

Watu wakaguna. Hata walioanika nguo kavu waliacha kujifanya.

Rukaiya, binti wa Ashura, alikuwa nyuma ya pazia la mlango na alikuwa amesikia kila neno. Masomo yake yalikuwa yameuchosha mtaa siku nyingi. Alisomea udaktari miaka mitatu, kisha akausimamisha katikati ili asomee uzamivu katika vyuo viwili kwa pamoja, cha hapa nchini na cha Ujerumani. Akimaliza utafiti angerudi wodini kumalizia udaktari. Mwishoni angekuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili, kutibu wagonjwa na kutafuta kwa nini wanaugua. Mama yake alikwisha kulieleza jambo hilo kwenye foleni ya maji, msibani na kwenye harusi. Mtaa ulielewa kitu kimoja tu, kwamba wenzake wa darasani walikuwa wakivaa makoti meupe na yeye bado anaitwa mwanafunzi. “Shule gani hiyo,” walisema, “inakwenda na kurudi kama basi la Songea?”

Alikuwa akitafiti kifafa cha mimba, ule ugonjwa unaompandisha mjamzito presha mpaka anakakamaa na kufa na mtoto tumboni, na alichokuwa akikitafuta kilikuwa ndani ya kondo. Jenifa, mke wa Brayson mwana wa Bibi Fidelia, alipopandwa na presha akakimbizwa kujifungulia hospitali moja ya Njombe, Rukaiya alikuwa wodini na boksi lake la barafu. Alimweleza, akampa kalamu, Jenifa akasaini. Mama mkwe hakuulizwa.

“Toka nje, msomi!” Bibi Fidelia akaita. “Toka uniambie kwa mdomo wako!”

Rukaiya akatoka. “Shikamoo, Bibi.”

“Sitaki shikamoo yako.”

“Lipo, Bibi. Limehifadhiwa vizuri.”

“Kwa ajili ya nani?”

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na profesa yeyote.

*

Brayson alizipata habari kiwandani, akiwa juu ya lori anapakia mbao. Wapakiaji wenzake hawana haya. “Braza, umetuficha! Kumbe shemeji anauza nyama kwa Wazungu? Kilo wananunua bei gani?” Walicheka mpaka wakaweka mbao chini. Mmoja alijishika tumbo akajifanya anazaa, mwingine akapokea hewa mikononi na kuigandamiza kwapani, akakimbia nayo. Brayson naye alicheka. Kisha akashuka, akapita kilabuni, akanywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, bila kukaa, akaja nyumbani.

Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya sufuria. Ya pili ilikuwa ya Jenifa.

“Nilimpa kwa kuwa alinisaidia! Brayson, nilikuwa nakufa!”

“Ungekufa na heshima yako!”

Alimpiga kwa mkono, kisha kwa mkanda, na mkanda ulipokatika akachukua kipande cha mbao kilichokuwa kinaegemeza mlango. Bibi Fidelia alikuwa ameketi uani na kitovu mkononi. Alisikia vyote. Kwa muda alisema moyoni, acha afundishwe. Halafu sauti ya Jenifa ikabadilika, ikawa nzito kama ya mtu anayeongea chini ya maji, na bibi akasimama. Lakini alikuwa amechelewa. Mkwe wake alishapita kando yake, mtoto kifuani, damu inamtiririka kutoka kwenye nyusi mpaka kwenye kofia ya mtoto, akapenya kwenye pengo la uzio, banzi moja likaanguka naye upande wa pili.

Ashura alimdaka. Akamvuta ndani, akapiga komeo.

Rukaiya alimkalisha sakafuni, akaanza kumsafisha. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga. Jino moja lilikuwa limebaki limesimama kwa ukaidi tu. Mtoto hakulia, alikuwa akinyonya kana kwamba dunia haina neno.

“Dada Rukaiya,” Jenifa akasema kwa mdomo uliovimba, “presha yangu imepanda tena?”

Rukaiya akashindwa kumtazama. Mama yake ndiye aliyemtazama yeye.

“Angekosea Mjerumani ningesema hajui,” Ashura akamwambia taratibu, na upole huo uliuma kuliko makelele ya uzioni. “Wewe umekulia kwenye uzio huu. Bibi Fidelia amekuogesha kwenye beseni lake. Ulijua kondo ni la nani.”

“Utaratibu unasema aulizwe mama mzazi peke yake.”

“Na wewe ulishukuru utaratibu umesema hivyo. Maana ulijua ukimuuliza yule mama atakataa.”

Rukaiya akaendelea kumfuta Jenifa damu. Ilikuwa kweli.

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha dirisha. La pili likaangukia kwenye beseni la unga. Brayson alikuja na wapakiaji wawili, walewale waliomcheka, sasa wamegeuka askari wake. “Nitoleeni mke wangu! Nitoleeni na huyo mchuna watu!” Panga lake lilikuwa likikata mlango wa mbao laini, na kila pigo lilirusha kibanzi ndani.

Mudy, kaka yake Rukaiya, fundi wa matairi kule barabara kuu, alikuwa amekuja kula. Alipita mlango wa uani akiwa na chuma chake cha kubandulia tairi. Brayson aliponyanyua panga tena, kile chuma kikamkuta mkono ukiwa juu. Mlio wake ulikuwa kama wa muwa unapovunjwa gotini. Panga likaanguka. Mudy akampiga teke la tumbo, akamwinamia, akanyanyua chuma mara ya pili, juu ya kichwa.

“Mudy!” Ashura akapiga yowe. “Mudy mwanangu, usinizikishe mtoto wa jirani!”

Chuma kilikaa hewani. Kisha kikashuka polepole pembeni ya mguu. Wapakiaji wale wawili walikuwa wameshafika kilabuni.

*

Mjumbe wa mtaa aliwapatanisha kwa namna yake. Alisema wote wana kesi: Brayson kwa kupiga mke na kuvunja nyumba, Mudy kwa kuvunja mkono. Wakienda polisi wataingia wote, na mtaa utabaki na vilio pande mbili za uzio mmoja. Jenifa akae kwa Mama Mudy kwanza. Kondo lirudishwe, lifukiwe Mdandu, Jumapili.

“Na lisiporudi?” mjumbe akamuuliza Brayson.

Brayson alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono umefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia vidoleni hadi begani. Alimtazama Jenifa aliyejikunja nyuma ya Ashura. “Lisiporudi, nitamchukua huyo. Hata vipandevipande. Mkono uliobaki unatosha.”

Ashura akasogea, akamziba Jenifa kwa mwili wake.

*

Njombe ilikuwa na ukungu siku hiyo, na maabara ya mradi ilikuwa na joto la mashine. Daktari Clemens, msimamizi wa Rukaiya kwa upande wa hapa, alikuwa mzaliwa wa Tandala, mtu mpole anayependa mambo yaliyonyooka. Aliwasikiliza Rukaiya na Jenifa, kisha akageuza kompyuta ili profesa wa Ujerumani, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, awaone kwenye kioo. Profesa alipoona uso wa Jenifa aliweka mkono mdomoni. Lakini alipoongea, Rukaiya akitafsiri, aliongea utaratibu.

“Anasema pole sana. Anasema una haki ya kujitoa wakati wowote. Ukijitoa, sampuli inateketezwa.”

“Inateketezwaje?”

“Inachomwa.”

Jenifa akashika meza. “Likichomwa, kizazi changu kimechomwa. Ndivyo mama mkwe anavyoamini. Mwambie nataka nipewe, sitaki lichomwe.”

Wakaongea kwa Kiingereza, kwa kirefu, Daktari Clemens akitingisha kichwa.

“Kukabidhi ni jambo jingine,” Clemens akasema. “Kamati zote mbili ziidhinishe, ya hapa na ya kule. Ya kule inakaa mwezi ujao.”

“Mwezi ujao nitakuwa nimekufa, daktari.”

“Nenda polisi, mdogo wangu. Kweli. Nitakusindikiza mwenyewe.”

“Polisi watamfunga, atatoka, kisha?” Jenifa akamgeukia yule mama wa kwenye kioo, akamwambia moja kwa moja kwa Kiswahili, kama watu wawili waliokutana kisimani. “Mama, wakati natoa hapakuwa na kamati. Nilikuwa nimelala, miguu haijakauka damu, nikapewa kalamu. Wakati wa kuchukua ndiyo mnakuwa wengi?”

Rukaiya alichelewa kutafsiri. Alipotafsiri, profesa alivua miwani, akaifuta. Kisha akamwita Rukaiya kwa jina. Akamwambia kwamba anamwelewa Jenifa kwa moyo wake wote. Akamwambia pia kwamba mwanafunzi akitoa sampuli kabla ya kamati, yeye hawezi kumtetea, na safari yake ya Januari, ule mwaka wa Ujerumani ambao bila huo hakuna uzamivu, itasimama. Pengine yeye mwenyewe atasimamishwa.

“Anasema nini?” Jenifa akauliza.

“Anasema pole.”

Jenifa akaketi chini, sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jokofu kubwa, akamtoa mtoto mgongoni na kumnyonyesha. “Basi mimi nalala hapa na kitu changu,” akasema. “Mkinitoa nitoeni na jokofu.”

Mashine ziliendelea kunguruma. Daktari Clemens alikuna paji la uso. Rukaiya aliutazama ule uso uliovimba, jicho lililofunga, mdomo uliopasuka, akaona kazi ya mikono yake mwenyewe, ingawa mbao hakuishika yeye. Akavaa glavu nzito.

“Sogea kidogo, Jenifa.”

“Rukaiya,” Clemens akasema. “Miaka yako yote.”

“Najua.”

“Itanibidi niandike ulichofanya.”

“Andika, daktari. Andika na alivyokuja, huo uso wake.”

Akafungua. Mvuke mweupe wa baridi ukawamwagikia miguuni. Clemens hakumzuia. Alizima kioo, akatafuta boksi la barafu, akampa.

*

Mudy aliazima pikapu ya tajiri wake, akawapeleka Mdandu yeye mwenyewe, chuma chake kikiwa chini ya kiti. Ashura alikaa mbele, Rukaiya na Jenifa nyuma na boksi katikati yao.

“Kamwene,” Ashura akasalimia kwa Kibena chake cha sokoni waliposhuka. Bibi Fidelia aliitikia nusu. Alikuwa tayari na jembe, shimo limechimbwa nyuma ya nyumba, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Brayson alikuwa ameegemea ukuta na kibuyu cha ulanzi. Panga lake, lilelile, lilikuwa limechomekwa kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichokauka.

Rukaiya alipiga magoti, akafungua boksi. Bibi Fidelia akakifunua kwa vidole viwili kitambaa kilichofunika kondo, akaliangalia kwa makini ya mtu anayekagua mtoto kama ana vidole vyote.

“Hapa limekatwa.”

Rukaiya angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni barafu. “Ndiyo, Bibi. Vipande vidogo, kama punje za mahindi. Vilishatangulia Ujerumani.”

Ashura akafumba macho.

“Ujerumani,” Bibi Fidelia akarudia. “Walichukua fuvu la Mkwawa, wakakaa nalo mpaka wazee wakachoka kudai. Sasa wamefika kwenye kondo.”

“Si nilisema!” Brayson akaruka kutoka ukutani. Teke lake likalipindua boksi, barafu ikatapakaa kwenye majani. “Si nilisema ameuza! Punje, punje, huyu angeuza hata mimi nimelala!” Mkono wake mzima ukachomoa panga. Jenifa hakukimbia. Alimpachika Ashura mtoto kifuani, akabaki amesimama, kama mtu aliyechoka kukimbia hata kabla ya kuanza. Mudy alikuwa mbali, ndiyo kwanza anafungua mlango wa pikapu.

Mpini wa jembe ulimpiga Brayson mgongoni kwa nguvu iliyomwangusha magoti. Pigo la pili likampata kwenye bega zima, panga likadondoka. Alipogeuka, aliyeshika jembe ni mama yake.

“Mama!”

“Mama nini?” Kilemba cha Bibi Fidelia kilikuwa kimeanguka, mvi zake nje. “Nilidai kondo! Sikudai maiti! Ningekuwa na maiti hapa ningeifukia na kitovu cha nani?” Akampiga tena, safari hii kwa hasira isiyo na shabaha, jembe likakwangua ukuta. “Siku ile nilikaa uani nikakusikia. Nikakaa! Leo sikai!”

Brayson akajikunja kando ya ukuta, hogo lake limechafuka udongo, akalia kwa sauti, kwikwi za mlevi, na hakuna aliyekwenda kumnyamazisha.

Wanawake walilifukia kondo wenyewe. Bibi Fidelia aliliweka chini, juu yake kitovu, akamwambia Jenifa atupe udongo wa kwanza. Wakatupa wote, hata Ashura, akisema dua yake kimoyomoyo upande wake. Wakashindilia kwa miguu.

“Hizo punje,” Bibi Fidelia akasema akifuta mikono. “Nani atazirudisha?”

“Mimi, Bibi. Nilikuwa niende huko Januari. Lakini sasa...” Rukaiya akatafuta namna ya kulisema. “Kwa kulitoa hili wanaweza kunifukuza.”

“Wakufukuze?” Bibi akamkazia macho. “Wakikufukuza nani ataniletea? Mzungu atakuja Mdandu na punje zangu mfukoni?” Akatema mate pembeni. “Waandikie. Waambie kuna bibi hapa anadai, na anamdai Rukaiya, si mwingine. Uende, usome hiyo shule yako isiyoisha, urudi nazo. Mkononi. Na siku nyingine ukitaka kondo la nyumba hii, uje kwangu kwanza, tutukanane, halafu tuone.”

Akainama, akaokota panga la mwanawe. Mudy alikuwa amefika na chuma chake, haelewi akishike au akifiche. Bibi Fidelia akamnyooshea mpini wa panga.

“Yule kuku mwekundu. Mchinje wewe, mama yako apate kula.”

Mudy akalitazama panga. Akamtazama na Brayson. “Kwa kuku kisu kinatosha, Bibi.”

“Lina makali hili. Leo lifanye kazi ya maana.” Akageuka. “Brayson! Inuka umshikie miguu.”

Brayson akainuka, pua inamtoka makamasi. Akamkamata kuku kwa mkono wake uliobaki, akapiga goti mbele ya mtu aliyemvunja ule mwingine. Mudy akaweka chuma chini, akamwelekeza kuku kibla, akasoma bismillahi, akapitisha panga. Damu ikarukia hogo. Vijana wawili walibaki wameinamiana, wameshikilia kuku anayepigapiga mabawa, hakuna aliyemtazama mwenzake mpaka akatulia.

Kuku alipoiva, moshi umejaa jikoni mpaka mlangoni, Bibi Fidelia alitoka na ndoo ya maji ya kunawa. Alianza na Ashura. Kisha akasimama mbele ya Jenifa, aliyekuwa ameketi peke yake kwenye gogo.

“Mama, mimi sirudi kwake,” Jenifa akasema.

“Sijakwambia urudi. Nimekuja kukunawisha.” Akammiminia maji, akayaacha yamwagike mengi. “Ndani mna mkeka. Kidari ni chako. Yeye atakula hukuhuku nje, mpaka nitakaposema.”

Jenifa akanyanyuka. Mlangoni alimpokea mtoto kwa Ashura, wakaingia.

Rukaiya alikuwa amebaki kando ya pikapu, simu mkononi. Ujumbe wa Daktari Clemens ulikuwa umeingia, na alikuwa bado hajaufungua. Bibi Fidelia akaitikisa ndoo ili asikie kwamba maji bado yamo.

“We mdaiwa! Unangoja ubebwe? Njoo unawe, uingie ule. Ujerumani ni mbali.”